Pima Moja ya Udongo

Bi Mwasiti wa Likombe alikuwa na magoti mawili mabovu na ulimi mmoja mzima, na ukitaka ukweli, ulimi ndio uliompa bintiye kazi. Magoti yalikuwa na siku zake za kutulia. Ulimi haukujua Ijumaa wala sikukuu.

Alihamia Likombe kutoka Ziwani mwaka aliofiwa na mumewe. Wenzake wakihama hubeba vitanda na vyombo. Yeye alibeba sufuria tatu, mkeka, na kapu zima la mbegu na vipando vilivyofungwa kwenye majani ya mgomba. Nyuma ya kijumba alichojengewa na kaka zake akafyeka, akalima, na baada ya masika mawili ua ule haukuwa na pa kuweka mguu: mchicha, bamia, mbilingani, pilipili, kisamvu pembeni, na kando ya uzio rehani na asumini. Bibi harusi wa mtaa ule hakutoka ndani bila asumini ya Bi Mwasiti kichwani, na hakuna aliyeichuma mwenyewe, maana ukigusa mmea wake bila ruhusa ungejuta kuzaliwa na mikono.

Fauzia ndiye mtoto wa pekee aliyembakia. Alikuwa na miaka thelathini na minane. Aliolewa Mikindani, akaachwa huko huko Mikindani, akarudi kwa mama yake na talaka moja na cherehani moja, na katika hivyo viwili cherehani ndiyo iliyokuwa na heshima. Kila asubuhi isipokuwa Jumapili alikwenda Rahaleo, akashona kwenye baraza ya duka la vitambaa, akarudi jua likizama. Kitambaa alikijua hata kwa kukigusa amefumba macho. Mimea hakuijua. Mama yake alikata tamaa ya kumfundisha siku alipomtuma ang'oe magugu, naye akarudi anatabasamu na fungu zima la miche ya bamia mkononi.

"Ntoto nimezaa," Bi Mwasiti aliwaambia majirani, "lakini nkono wake ni wa uzi tu."

Mwaka wa sitini na nane, mwezi wa saba, Fauzia alirudi jioni akakuta nyumba kimya. Alimkuta mama yake uani, amelala chali kati ya matuta mawili, jembe liko chini ya mgongo. Alikuwa ameanguka tangu adhuhuri. Siafu walikwisha kuanza kazi kwenye nyayo zake. Hakupiga kelele, alisema, kwa sababu aliona haya wanaume wa watu waje wamkute kanga imepanda.

Hospitali walisema ni nyonga, imelika, na haitarudi kuwa ya zamani. Asiiname, asichuchumae, asibebe kitu. Fauzia akalichukua jembe akampa jirani yao, Bi Ashura, alifiche kwake. Kisha akamwambia mama yake, kwa upole, neno ambalo watoto wema wote wa dunia huwaambia wazazi wao.

"Mama, sasa pumzika."

"Nipumzike nimefanya nini leo?" akauliza Bi Mwasiti.

Hakupumzika. Alitandika gunia chini, akakaa juu yake, akajikokota kwa makalio kutoka tuta hadi tuta, anapalilia kwa kisu cha jikoni. Fauzia alipomfumania walitupiana maneno mpaka kuku wakatoka uani.

"Watu watasema namwacha mama yangu anatambaa!"

"Waseme. Midomo wamepewa bure."

Lakini maumivu hayana ubishi. Kabla mwezi haujaisha gunia nalo likamshinda, akawa anakaa kwenye kigoda mlangoni pa nyuma, anaitazama bustani yake ikifa. Mchicha ukatoa mbegu ukakauka. Bamia zikakomaa juu ya miti zikawa ngumu kama kuni. Bi Mwasiti akaanza kukonda, na kilichomtisha Fauzia kuliko kukonda ni kwamba ule ulimi ulianza kunyamaza. Siku nzima ingepita bila mtu kutukanwa. Jioni moja, akiwa anapewa uji, alisema kwa sauti ndogo ambayo si yake, "Ardhi imehama, mwanangu. Zamani ilikuwa hapa miguuni. Siku hizi iko mbali mno."

Fauzia alilia usiku ule, akaamka nalo lile neno, akaenda nalo kazini. Aliyemfundisha ushonaji pale dukani alikuwa akikata vitambaa chini sakafuni, na mgongo ulipomharibikia alitengeneza meza ndefu, akakata amesimama miaka mingine kumi. Fauzia alikuwa ameinamia meza ile ile, mkasi mkononi, mawazo yalipomjia. Kama mama haifikii ardhi, basi ardhi ipande imfuate. Alicheka peke yake. Kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa saba alihisi kifua kimefunguka.

Ng'ambo ya barabara palikuwa na fundi seremala, Gaudensi, Mmakonde wa bara, Mkristo, mtu wa maneno machache na misumari mingi. Alitengeneza madawati ya shule, na watu wa kanisani kwake wakifiwa aliwatengenezea majeneza. Fauzia alimchorea kwa chaki juu ya ubao: sanduku refu, wazi juu, lenye miguu minne, kina cha dhiraa moja, chini litobolewe matundu ya maji. Mtu akae kwenye kigoda na udongo umfikie kifuani.

"Tutie na vishikio, dada," alisema Gaudensi. "Ukitaka kulisogeza kivulini ntu ashike huku, ntu ashike huku. Urefu je?"

Urefu Fauzia hakuwa nao. Alitaka mama yake afike mwanzo na mwisho wa sanduku bila kuinuka, kwa hiyo jioni ile alikwenda na utepe wake wa kupimia, akamwambia, "Mama, nyoosha mikono, huku na huku."

"Unanipima nini?"

"Nguo."

"Nguo gani hiyo haipimwi kiuno?"

"Utaiona."

Bi Mwasiti alinyoosha mikono yake miwili mikavu, na Fauzia akapima kutoka ncha ya kidole hadi ncha ya kidole. Mtu yeyote wa pwani anajua kipimo hicho kinaitwa pima, na wazee wote wanajua kwamba pima ya mwanadamu na kimo chake ni kitu kimoja. Fauzia alikuwa mtu wa futi na inchi, hayo hakuyafikiri. Aliandika kwenye karatasi, akampelekea Gaudensi. Wahenga walisema nia njema ni tabibu. Hawakusema nia njema isiyouliza ni nini.

Sanduku lilikwisha mwezi wa kwanza, mvua zimeshika. Gari hakuna, kwa hiyo Gaudensi akamchukua rafiki yake Josephu walibebe mabegani mpaka Likombe. Fauzia alikuwa na gauni la watu la kumaliza, akasema watangulie, yeye atafuata. Manyunyu yakaanza. Akaona ubao mpya utaloa, akatoa dukani kipande kikubwa cha kitambaa cha kijani kilichobaki kwenye jora, akalifunika lote, akakifunga vizuri pembeni. Kisha akarudi kwenye cherehani ya dukani. Haya yaliyofuata alisimuliwa.

Ilikuwa ni saa ya alasiri, watu wanatoka msikitini. Wakaona wanaume wawili, kichwa chini, kimya, wamebeba mabegani kitu kirefu kama mtu, chenye miguu minne, kimefunikwa kijani. Mzee Abeid, ambaye hajawahi kuona jeneza likapita akaacha kulifuata, alivua viatu vyake vya mvua akavishika mkononi, akaenda akatia bega. Wengine wakafuata. Anayembeba maiti haulizi jina lake. Thawabu haina maswali. Mtu akapokea mbele, mtu akapokea nyuma, mtu akaanza "La ilaha illa Llah," na kundi likaitikia. Gaudensi alisukumwa pembeni mwa mzigo wake mwenyewe. Alimwambia Josephu kwamba hajapata kuona watu wenye moyo wa kusaidia kama Waislamu wa mji huu. Watu wapatao arobaini wakauliza njia kwa sauti ndogo, "Nyumbani wapi?" na Gaudensi akajibu kwa adabu, "Kwa Bi Mwasiti, Likombe. Kwa mama yake dada Fauzia."

Neno hilo likatangulia mbio. Fauzia! Fauzia fundi! Si asubuhi tu alipita hapa? Maskini, itakuwa gari limemgonga. Ndiyo dunia.

Bi Mwasiti alikuwa mlangoni. Alisikia tahlili kwanza, akaiweka kanga vizuri kichwani, maana maiti anapita. Kisha maiti hakupita. Alikata kona akaja kwake. Wanawake wa jirani walikwisha kuanza kulia, na mmoja, Mungu amsamehe, alisema kwa sauti, "Pole mama, Fauzia ametutoka."

Bi Ashura, aliyekuwepo, husema kwamba mama yule alisimama. Nyonga iliyokufa, magoti mabovu, akasimama wima bila fimbo, akapiga hatua nne kuelekea sanduku. Ya tano haikuwepo. Alianguka kifudifudi kwenye matope, mikono mbele, anaita jina.

Fauzia alifika wakati huo. Alikuja anakimbia kwa sababu aliona watu wengi, akapenya katikati yao, na kila aliyemwona alipiga ukelele akarudi nyuma. Alimkumbatia mama yake chini pale kwenye matope. Mama yake alimshika uso, akamshika masikio, akamshika mabega, kama mtu anayehesabu vitu vyake baada ya mafuriko.

"Mimi hapa, mama. Mzima. Ni sanduku tu. Ni lako, nimekutengenezea."

Gaudensi, kwa kutaka kusaidia, akafunua kitambaa cha kijani. Sanduku tupu, jeupe, linanukia ubao. "La mboga, mama," alisema. "La kulimia."

Mtu mmoja alicheka. Kicheko kilitembea, wakacheka arobaini wote, na Mzee Abeid akakaa chini kwa kucheka, viatu mkononi. Huwezi kuwalaumu, mtu aliyetolewa msibani ghafla hana pa kupeleka machozi yake. Lakini Bi Mwasiti hakucheka. Aliomba ainuliwe. Alisogea mpaka kwenye sanduku, akanyoosha mikono yake miwili juu yake, na ncha za vidole zikagusa ubao huku, zikagusa ubao kule, bila kuzidi wala kupungua.

"Ulinipima," alimwambia Fauzia. "Kumbe ni hili. Pima yangu."

"Mama, si hivyo—"

"Kwanza umeniletea msiba wako, nimekuzika na macho yangu haya. Sasa naona ni wangu. Likae hapo hapo. Nikiwa tayari nitawaambia."

Watu wakaondoka kimya. Siku mbili baadaye Fauzia na Gaudensi waliliweka nyuma ya jiko, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni, wakalijaza udongo mweusi wa matuta ya zamani na samadi ya mbuzi. Fauzia akarusha mbegu za mchicha alizozikuta kwenye kibuyu cha mama yake. Kila asubuhi alimbembeleza, na kila asubuhi Bi Mwasiti aligeuza uso ukutani.

"Kila nikitoka naliona linaningoja," alisema. "Siligusi."

Baada ya wiki moja Fauzia alichoka. Aliona aibu pia: watoto wa mtaa walikuwa wakipita wanaimba tahlili na kucheka. Akalifunika sanduku kwa makuti, akaliacha, akawa analipita kwenda jikoni kama mtu anavyompita aliyemkosea, bila kulitazama. Alijilaumu na kujilaumu. Kitu pekee alichotaka duniani kilikuwa mama yake ashike udongo tena kabla ya kufa, na badala yake alikuwa amemletea kifo mlangoni na watu arobaini wa kukisindikiza.

Lakini ajabu, mwezi wa pili Bi Mwasiti akaanza kupata nafuu. Alikula. Aliuliza habari za watu. Ulimi ukarudi mahali pake, akamtukana muuza samaki mpaka akabadili njia. Maji ya mtungi yakawa yanaisha kabla ya wakati, na Fauzia alipouliza, mama yake alisema siku hizi anatawadha kwa uangalifu. Fauzia akaishukuru dawa ya kuchua aliyonunua sokoni.

Jioni moja ya mwezi wa tatu aliwahi kurudi. Aliingia kwa mlango wa mbele, akasikia sauti mbili uani, mama yake na Bi Ashura, wanaongea chini chini. Hakutaka kusikiliza. Alikuwa anavua viatu tu.

"Shoga yangu," mama yake alikuwa anasema, "nikwambie kweli. Sanduku la mwanangu limeniweza."

Bi Ashura akasema kitu ambacho hakukisikia.

"Limeniweza kabisa," akasema Bi Mwasiti. "Usimwambie."

Fauzia alibaki na kiatu kimoja mkononi. Neno hilo unalijua. Ugonjwa humweza mtu, akafa. Maisha humweza mtu, akainama. Fauzia alisikia mama yake mzazi akikiri kwa jirani kwamba kile kitu nyuma ya jiko kimemshinda, kinamla taratibu, na kwamba anamficha bintiye ili asiumie. Alirudi nje polepole, akapiga hodi kwa sauti kubwa, akaingia upya. Hakuuliza. Kuuliza si ujinga, husema watu, na wanasema kweli, lakini yeye aliona kuuliza ni kumwaibisha mama.

Kesho yake alizungumza na Gaudensi. Alimwambia achukue mbao zake, azifanyie madawati, afanye lolote, mradi lisionekane tena. Gaudensi alikuja Ijumaa mchana, Bi Mwasiti akiwa amelala usingizi wa baada ya chakula. Fauzia alikuwa ukumbini, amebaki nyumbani siku hiyo kwa makusudi, ana gauni la harusi chini ya sindano ya cherehani yake ya nyumbani na hakutaka mashine isimame, kwa sababu mlio wake ungefunika mlio wa nyundo.

Gaudensi alichungulia mlangoni, kofia mkononi.

"Dada, nimefunua yale makuti. Humu mna miche."

"Magugu hayo."

"Yamekaa kwa nstari, dada."

"Gaudensi, atazinduka sasa hivi. Mwaga tu."

Mguu wake haukutoka kwenye kanyagio. Akasikia udongo ukimwagika, mzito, mara moja, kisha misumari inang'olewa. Kabla ya alasiri Gaudensi alikuwa amekwisha kwenda na mbao begani.

Bi Mwasiti aliamka, akatawadha, akasali ameketi. Kisha akashika ukuta, akatoka nje, na Fauzia akamfuata kwa furaha ya mtu mwenye zawadi.

"Nimeliondoa, mama. Hutaliona tena."

Mama yake alisimama ameshika ukuta wa jiko. Mbele yake palikuwa na lundo la udongo mweusi, alama nne za miguu ya sanduku, na makuti yaliyotupwa. Aliusogeza ukuti mmoja kwa ncha ya mguu.

"Umefanya kwa ajili yangu," alisema.

"Kwa nani mwingine?"

"Ahsante, mwanangu. Umefanya vizuri."

Fauzia alilala usingizi mzuri usiku ule. Mungu humpa mtu usingizi hata pale ambapo hastahili.

Baada ya hapo Bi Mwasiti hakutukana mtu. Alikula akiombwa. Siku moja Fauzia alimkuta ameketi chini, juu ya lile lundo la udongo, mgongo ameegemeza jikoni, akamwuliza amefikaje pale. Akajibu alikuwa anaota jua. Jua lilikuwa limekwisha kuzama. Akamwinua, akamsuta kidogo, akamwosha miguu. Siku ya kumi na moja, asubuhi, Fauzia akiwa Rahaleo, mtoto alikuja kumwita. Alikuta watu wamekwisha jaa. Safari hii wanaume hawakukosea.

Mwosha maiti wa mtaa ule alikuwa Bi Ashura. Alimwita Fauzia ndani, maana mtoto wa kike ana haki ya kumwosha mama yake, na wakaanza kama inavyotakiwa, kwa bismillahi, maji vuguvugu, upande wa kulia kwanza. Shuka ilimfunika. Mwili ulikuwa mwepesi sana. Fauzia alifanya kila alichoambiwa na hakulia, alikuwa amejizuia mpaka taya zinauma.

Kisha Bi Ashura akampa njiti ndogo. "Msafishe kucha, mwanangu. Maji lazima yafike kila mahali."

Fauzia akaushika mkono wa kulia. Chini ya kucha palikuwa na udongo. Si vumbi la mlangoni: udongo mweusi, wenye mafuta ya samadi, umeshindiliwa mpaka kwenye nyama, kwenye vidole vyote vitano. Akaushika wa kushoto. Hivyo hivyo.

"Bi Ashura," alisema. "Udongo huu ameupata wapi?"

Bi Ashura alishusha kata kwenye ndoo. Alikuwa amekula kiapo kwa rafiki yake, lakini rafiki yake alikuwa amelala pale mbele yao, na mbele ya maiti mtu hasemi uongo.

"Alikuwa analima," alisema. "Kwenye sanduku lako. Wiki ya pili tu baada ya wewe kulifunika, alinivuta nimsaidie kuondoa makuti. Akasema anataka kuona tu. Kesho yake akang'oa mchicha wako, ulikuwa umeurusha ovyo, akaupanda upya. Kila siku ukishaondoka mimi nafunua, akitosheka nafunika. Alitia rehani. Alitia bamia. Alikuwa akikaa pale kwenye kigoda, mikono yote miwili ndani, anaimba."

"Mbona hakuniambia?"

"Alilikataa mbele ya watu arobaini, Fauzia. Unamjua mama yako. Alitaka kwanza mchicha ukue, akupikie, akuwekee mezani, ndipo aseme umetoka wapi. Alikuwa amekwisha kuichagua hiyo siku. Jumapili, siku usiyokwenda kazini."

Fauzia alihesabu. Gaudensi alikuja Ijumaa.

"Nilimsikia," alisema. "Nilimsikia kwa masikio yangu anakwambia sanduku limemweza."

"Ee. Alisema hivyo." Bi Ashura alikuwa analia sasa, bila sauti, machozi yanaingia kwenye ndoo. "Alikuwa anacheka, mwanangu. Si unajua mtu akikupatia kitu kizuri, ukakataa ukakataa, mwisho unakubali? Si tunasema, haya, umeniweza?"

Fauzia aliivuta shuka ikafunika bega la mama yake.

"Lilipoondolewa nilimwambia, mwambie ntoto arudishe. Akasema, hapana. Akasema, kaniondolea kwa mapenzi. Nikimwambia atajiona kaniua. Basi akawa anajikokota mpaka pale udongo ulipomwagwa, kila siku, anatafuta ile miche. Leo pia. Ndiyo pale nilipomkuta."

Nje, Mzee Abeid aliuliza mlangoni kwa adabu kama wamekaribia, maana sanda iko tayari na jua linapanda. Bi Ashura akajibu kwamba bado kidogo.

"Tuuache," alisema Fauzia. "Huu udongo. Aende nao."

"Haifai, mwanangu. Maji lazima yafike."

"Kidole kimoja tu, Bi Ashura."

"Haifai."

Fauzia akachukua njiti. Alianza na kidole gumba cha kulia, akaendelea na cha pili, taratibu, kama anavyofumua mshono kwenye kitambaa cha watu asichotaka kukichana. Udongo ulitoka vipande vipande ukashuka na maji kwenye shimo lililochimbwa chini ya kitanda. Alimaliza mkono wa kulia, akahamia wa kushoto. Bi Ashura alimimina, akamimina tena, mpaka maji yakawa yanashuka meupe.

"Basi, Fauzia," alisema. "Zimetakata."

Fauzia alizitazama zile kucha safi, akauliza kama hakuna kidole walichokisahau.